Ngoma Niliyoipiga Uwanjani

Kamachumu, Muleba
Jumatano, 13 Novemba 2024

Dada yangu mpendwa Elieth,

Milembe waitu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba zamu za hapo hospitali hazijakumaliza mwili. Shemeji hajambo? Mtoto ameshaota meno, au bado anamng'ata Bibi kwa ufizi? Na Bibi Joviana mwenyewe, jicho lake linaendeleaje tangu ule upasuaji? Mwambie namsalimu kwa magoti yote mawili. Najua atacheka, maana mimi na kupiga magoti hatujawahi kupatana. Huku mvua zinanyesha vizuri na senene wameanza kuanguka. Nimekukaangia kopo moja, analo huyu Mama Lilian aliyekuletea barua. Kopo likifika nusu, ujue si mimi.

Najua unashangaa. Mimi, fundi simu namba moja wa Kamachumu (namba mbili hajazaliwa), mwenye simu tatu mfukoni, nakuandikia kwa kalamu ya kuazima. Sababu ni kwamba kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika katikati, na kwenye kundi la familia wangesoma wote mpaka wale wa Mwanza wasiojua hata jina langu. Karatasi haimkatizi mtu. Na tafadhali usinisahihishe kwa kalamu nyekundu kama zamani. Niliishia kidato cha pili, na hicho kidato wewe ndiye uliyelipa ada, kwa hiyo makosa utakayoyaona humu nusu ni ya kwako.

Ni kuhusu ile picha, Dada. Ile ya Jumapili niliyoituma kwenye kundi, Babu Rugaibula amekaa kwenye kiti cha mikono, kanzu nyeupe, koti jeusi, wazee tisa wamemzunguka, na mikungu ya ndizi mbele yake kama sokoni. Niliandika chini kwamba wazee wa vilima vyote wamekuja kumheshimu mpiga ngoma wa mwisho wa Mukama, na kwamba shughuli nzima imeandaliwa na mjukuu wake Byabato. Mkanisifu. Mjomba akatuma mikono ya kupiga makofi kumi na mbili, nilihesabu. Wewe ukaiweka picha kwenye wasifu wako na kuandika kwamba mdogo wako amekua. Nilisoma hilo neno nikiwa nimekaa chooni, nimejificha, na sikuweza kutoka upesi.

Sasa nikueleze ilivyokuwa. Naanzia mbali kidogo, uvumilie.

Unalikumbuka lile furushi la Babu kwenye chumba cha kahawa, lililofungwa kwa olubugo, ile nguo ya gome la mti, tuliloambiwa tukiligusa mikono itaota magamba? Mimi niliacha kuyaogopa magamba nikiwa darasa la nne. Nilifungua, nikaona ngoma. Babu alinikuta, na badala ya kunichapa akanikalisha chini akanieleza. Alisema kilima chetu kilikuwa na mfalme wake, Mukama mdogo ambaye vitabu vya shule havimtaji, na baba zetu ndio walikuwa wanapiga engoma yake. Ikilia kwa mdundo mmoja, kila mtu anaacha jembe anakwenda ikulu. Mdundo huo maana yake ni kwamba Mukama ameingia nyumbani. Babu alinifundisha kwa kugonga vidole gotini kwangu, kwa siri, siku moja akiwa amekunywa kidogo olubisi, pombe yetu ya ndizi. Nikaushika siku hiyo hiyo. Mambo ya shule hayakai kichwani mwangu, lakini upuuzi unakaa.

Alinieleza pia wafalme walivyoondoka. Rwanda wananchi walimpindua wa kwao. Zanzibar, Sultani alipanda meli akakimbia mapinduzi. Buganda, wanajeshi waliingia na bunduki mpaka ndani ya ikulu. Wa kwetu hakupigwa hata jiwe. Baada ya Uhuru aliitwa Bukoba, akasomewa karatasi kwamba uchifu umefutwa, akapewa chai, akarudi. Babu anasema watu walimngoja barabarani wakitegemea atawaambia washike mikuki, yeye akashuka kwenye gari amebeba kofia mkononi. Halafu akamwita Babu pembeni, akampa ngoma. Akamwambia aifiche, asiipige mpaka yeye atakaporudi. Akavuka kwenda Uganda kwa ndugu wa mkewe, na tangu bunduki zilipolia kule hakuna aliyesikia habari zake. Watu wa serikali walipokuja kukusanya vitu vya ikulu, Babu aliapa kwamba ngoma imeungua. Aliapa, Dada, mzee wa kanisa yule, aliyekuwa akikaa benchi la mbele.

Miaka yote hiyo hakuipiga hata kwa kidole. Mimi nimeipiga kwa ajili ya mpira.

Jumamosi tulikuwa tunacheza na Kagoma. Mashabiki wao walikuja na mavuvuzela na spika juu ya pikapu, wanatuimbia kwamba Kamachumu ni wagonjwa waliotoroka wodini. Sisi tulikuwa na filimbi moja na ndoo. Rafiki yangu Josia, mjukuu wa Mzee Rwekaza, akaanza kunichokoza mbele za watu. Akasema si kila siku unajisifu kwenu kuna ngoma ya mfalme, au ni ile sufuria ya bibi yako. Wakacheka. Unanijua, mimi nikichekwa akili inatoka yenyewe inakwenda kutembea. Nikachukua pikipiki ya Josia, nikafika nyumbani, Babu kalala mchana wake, nikaingia chumba cha kahawa, nikatoka na furushi.

Niliipiga, Dada. Na nisikudanganye, nilipiga vizuri. Mdundo ninaoujua ni ule mmoja tu, kwa hiyo niliupiga huo huo kipindi chote cha pili. Vuvuzela zilinyamaza zenyewe. Sauti ile haiendi masikioni, inaingia tumboni, halafu inavuka mabonde. Tulipofunga goli la pili nilipiga kama mwehu mpaka ngozi ikapasuka upande mmoja, ufa wa urefu wa kiganja. Nikaifunga haraka kwenye olubugo nikiwa bado nacheka. Wanasema uso wa mwizi unajulikana, lakini wa kwangu siku ile ulikuwa wa bingwa.

Nikafika nyumbani nikamkuta Babu amekaa kitandani. Yule ambaye tangu Pasaka tunamgeuza kama mtoto, amekaa mwenyewe, miguu chini, anatafuta viatu. Akaniuliza nani amekuja. Nikajifanya sielewi. Akasema ameisikia, hajaota, akaniuliza mara ya pili kwa sauti ya mtu anayeogopa jibu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na furushi mgongoni, Dada. Ningeweza kusema ni mpira. Nilitafuta uongo mdogo, mdogo kabisa, mdomoni nikakuta mkubwa tu. Nikasema Mukama amerudi, yuko Bukoba, ametuma neno ngoma ipigwe.

Akauliza ni yeye mwenyewe au ni mwanawe. Nikasema ni yeye mwenyewe, amezeeka lakini yuko imara. Babu akafunika uso. Halafu akaomba maji ya moto aoge, na akaniambia nipige pasi kanzu.

Nilifikiri ataamka asubuhi amesahau. Lakini si yeye peke yake aliyesikia. Jumapili baada ya ibada nikaona watu wanashuka njia ya kibanja, katikati ya migomba yetu, wazee watupu, wengine wameshikwa mkono na wajukuu. Mzee Rwekaza mbele na fimbo yake. Wamevaa kanzu zilizokaa masandukuni mpaka mikunjo imekuwa ya njano. Wamekuja na ndizi, na kibuyu cha olubisi, na kahawa ya kutafuna kwenye kikapu, kama walivyokuwa wakipeleka ikulu walipokuwa vijana. Hakuna aliyewaita, Dada, ila mimi na mikono yangu. Mmoja ametoka karibu na Kagoma kwa miguu, ameanza safari alfajiri. Walinipa mkono mmoja mmoja na kunishukuru, na mimi nikapokea shukrani. Nikapanga viti. Nikapiga ile picha.

Basi wakakaa, wakangoja. Saa sita, saa saba, saa nane. Babu hakutaka kula, alisema huwezi kumpokea Mukama na mdomo wenye mafuta. Mzee Rwekaza akaanza kuniangalia kwa jicho moja. Akauliza Mukama alikuja kwa ndege au kwa meli. Nikasema ndege. Akauliza kama mtu mwenye nauli ya ndege hana nauli ya simu. Wazee wakacheka kidogo, na wote wakanigeukia mimi, fundi simu.

Hapo ndipo nilipofanya lile jambo lililonifanya niazime kalamu. Nilizunguka nyuma ya nyumba nikampigia Josia. Unajua sauti yake, kama debe zito linaloburutwa, na Kihaya cha wazee anacho kwa sababu amelelewa na babu yake. Nikamwambia apige baada ya dakika kumi, aseme yeye ni Mukama, amechoka na safari, awashukuru wazee, awaambie waende nyumbani kwa amani atawaita siku nyingine. Sentensi tatu tu. Akacheka mpaka nikamsikia anagonga meza. Nikarudi nikakaa, mwenyewe nikijiona nina akili kuliko mawaziri.

Simu ikalia. Nikaweka sauti ya juu, nikaishika mbele ya Babu kwa mikono miwili. Josia akasema vizuri kabisa. Wazee wakainamisha vichwa, wengine machozi yanawatoka. Na Babu, kabla sijamzuia, alishuka kwenye kiti. Alishuka kwa kushikilia mguu wa suruali yangu, goti moja, halafu la pili, juu ya saruji, akasema Kasinge waitu, salamu anayopewa Mukama peke yake. Kwa simu yangu, Dada, ile yenye kioo kilichopasuka na sauti ya Josia ndani.

Halafu akauliza swali. Alisema, waitu, ngoma yako ninayo, sikuitoa kwa serikali wala kwa vita. Lakini niliibeba ngoma nikamwacha mtoto. Niambie kama nilifanya sawa.

 Josia alikuwa baa, nasikia mipira ya meza ya puli ikigongana huko nyuma. Babu akarudia, niambie waitu. Nikasikia Josia anapumua. Halafu simu ikakatwa.

Babu alibaki pale chini anaitazama simu. Tulimwinua watu watatu. Wazee waliondoka mmoja mmoja bila kuagana kwa kelele, na zile ndizi waliziacha. Mzee Rwekaza alibaki nyuma. Alinivuta mpaka kwenye mibuni, akasema ile sauti ameilea yeye mwenyewe kwa uji na kwa fimbo, hawezi kuikosea. Hakunitukana. Alisema tu kwamba kesho jua likifika juu ya mgomba ule mrefu na mimi sijamwambia Rugaibula, atakuja kumwambia yeye, na mimi nitakuwa nimesimama hapo nasikiliza.

Sasa Dada, wewe nawe utakuwa unauliza, mtoto gani. Hata mimi sikujua. Tuliambiwa shangazi Hellen alikufa akiwa mtoto, kwa malaria, nyumbani. Jumatatu asubuhi nilimpelekea Babu uji, nikakaa chini, nikasema yote kwa mkupuo mmoja bila kuvuta pumzi: mpira, ufa, Josia, baa. Niliangalia vidole vya miguu yangu muda wote. Nilisubiri fimbo. Nilikuwa nimemsogezea karibu makusudi.

Hakuigusa. Aliushika uji mikononi mpaka ukaota ngozi juu. Kisha akauliza mechi iliishaje. Nikasema tulishinda mbili moja. Akasema, haya. Ni hilo tu, haya. Ningependa anichape, Dada. Tangu siku hiyo neno hilo nalala nalo, naamka nalo.

Halafu akaniambia ya mtoto. Mwaka wa vita vya Amin alikuwa seremala Bukoba, wanaishi Nshambya, na ngoma iko darini. Ndege zilipoanza kupita juu ya mji watu wakakimbia kuja huku Muleba kwa miguu. Bibi alimbeba Taata, baba yetu, mgongoni, mchanga bado. Hellen alikuwa na miaka mitatu na ana homa. Bibi akamwambia Babu aitupe ngoma kwenye kibanja chochote ambebe mtoto. Babu akasema Mukama atakaporudi atamwambia nini. Ngoma ikakaa kichwani, Hellen akatembea, akachoka, Bibi akawa anawabeba wawili. Karibu na Kagoma mgambo walikuwa wanapekua mizigo barabarani. Babu aliogopa ile ngoma aliyoapa imeungua isionekane, akaingia mashamba ya kahawa akajilaza na furushi lake siku nzima na usiku wake. Alipotoka alimkuta Bibi amekaa kando ya njia na mtoto mmoja. Mwingine alikuwa ameshazikwa, kwenye kibanja cha watu waliowakaribisha. Bibi hakusema neno, alisimama akaanza kutembea. Babu naye hakuuliza. Wakafika Kamachumu, wakaishi, wakazaa, wakazika, na hawakuwahi kulitaja. Sasa nimeelewa kwa nini Bibi hajawahi kuingia chumba cha kahawa, na kwa nini alikuja kwako kwa jicho la miezi miwili, na huu ni mwaka wa nne.

Babu alisema miaka yote hiyo alikuwa anajiambia kwamba Mukama akirudi, basi haikuwa bure. Mimi nilimrudishia huyo Mukama kwa siku moja, Dada, halafu nikamnyang'anya. Watu wa Amin walipita juu na ndege wasimpate. Serikali ilikuja na karatasi isimpate. Nimempata mimi, na filimbi moja na ndoo.

Usiiondoe ile picha kwanza. Au iondoe, sijui. Kwenye kundi nitaandika mwenyewe Jumapili, nimemwahidi Mzee Rwekaza, na kwa wale wazee nitakwenda nyumba kwa nyumba, Josia nitamburuta. Tumeshakwenda nyumba mbili. Kwenye moja tulipewa ndizi tukafukuzwa nazo.

Lakini sikukuandikia kwa ajili ya picha. Nina ujumbe, na hapa naomba usiruke hata neno. Jana Babu aliniambia nilete furushi. Akaupapasa ule ufa, akaingiza vidole, akasema ndani hamna kitu, alidhani kuna kitu. Akaniambia nisilirudishe chumba cha kahawa, nilikalishe nje chini ya upenu, mtu akitaka kulikalia alikalie. Kuku mmoja ameshaanza kutaga hapo. Halafu akasema niandike kwako umsomee Bibi, polepole, mkiwa wawili, shemeji akiwa kazini. Sijaongeza langu hata moja, na unajua jinsi hilo lilivyo gumu kwangu. Alisema: Mwambieni Joviana sijaomba kusamehewa. Nauliza tu ni kibanja cha nani, na ni upande gani wa nyumba. Kama kulikuwa na mti, ni mti gani. Nataka nipelekwe nikiwa bado naweza kushuka chini mwenyewe.

Nimeshaongea na mwenye pikapu. Yuko tayari siku yoyote. Tunamngoja Bibi tu. Asiposema, mwambie hata akitaja jina moja tu linatosha, mengine nitauliza nyumba hadi nyumba huko Kagoma, japo mashabiki wao wananijua sura.

Msalimie shemeji, mbusu mtoto kwenye ufizi. Mama Lilian anarudi Jumanne, mpe jibu mkononi mwake. Nina simu tatu na zote zina chaji, lakini hili jibu lije kwa karatasi, Babu anataka alishike.

Ni mimi mdogo wako, ambaye hajakua bado,

Byabato